Kitunguu Kichwani: Siku Dalí Alipompelekea Freud Picha

Tarehe 19 Julai 1938 watu watatu walibisha hodi kwenye nyumba moja ya Elsworthy Road, kaskazini mwa London. Wa kwanza alikuwa Stefan Zweig, mwandishi wa Austria ambaye alikwisha kuihama nchi yake. Wa pili Edward James, tajiri wa Kiingereza aliyekuwa akiwafadhili wasanii. Wa tatu mchoraji Mkatalani wa Hispania wa miaka 34, Salvador Dalí. Walikuja na picha. Mwenyeji wao, Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeasisi uchambuzi wa nafsi, alikuwa na miaka 82. Saratani ya taya ilikuwa ikimtafuna tangu mwaka 1923, na zilikuwa zimepita wiki sita tu tangu aingie Uingereza akiwakimbia Wanazi waliokwishaimeza Vienna.

Kikao hicho husimuliwa mara nyingi kama kioja: mzee mwenye hekima zake amekutana na kijana mwenye masharubu na mbwembwe. Mimi naona kinastahili kuchambuliwa kwa utulivu. Siku ile nadharia ya ndoto na uchoraji wa ndoto zilikaa chumba kimoja, zikatazamana ana kwa ana, na kilichohitajika ili zielewane kilikuwa karibu mno. Kilikuwa msemo mmoja wa wavuvi.

Kwanza tuangalie deni. Usurealisti, ule uchoraji na uandishi unaovuka uhalisia kwenda kwenye mambo ya ndotoni, ulitangazwa rasmi Paris mwaka 1924 kwa ilani ya mwandishi Mfaransa André Breton. Breton alikuwa amesomea udaktari. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, alitumikia katika kituo cha jeshi cha wagonjwa wa akili huko Saint-Dizier, akawasikiliza askari waliovurugwa na mizinga, akajaribu kwao njia ya Freud aliyokuwa ameisoma: mgonjwa aseme lolote linalomjia, bila kulichuja. Baadaye aliigeuza njia hiyo ya tiba ikawa njia ya kuandika. Wachoraji nao wakaipokea, kila mmoja kwa mkono wake. André Masson aliiacha kalamu itambae kwenye karatasi bila kujua inachora nini. Max Ernst, ambaye aliwahi kusoma saikolojia Bonn, alilaza karatasi juu ya ubao wa sakafu, akaisugua kwa penseli, kisha akayatafuta majitu na misitu katika alama za mbao zilizojitokeza. Dalí, aliyekuwa amekisoma kitabu cha Freud kuhusu tafsiri ya ndoto akiwa mwanafunzi Madrid, alijiunga nao mwaka 1929. Yeye hakuiamini kalamu inayotambaa. Alichora vitu visivyowezekana kwa usafi wa mchoraji wa karne ya 17, kila jiwe na kivuli chake, kila unywele mahali pake.

Walimpenda Freud. Freud hakuwapenda.

Breton alimfuata Vienna mwaka 1921, akarudi na uchungu, akaandika habari za ziara ile kwa kejeli. Mwaka 1932 alimpelekea kitabu chake kuhusu ndoto, na katika barua walizoandikiana Freud alisema hawezi kuelewa usurealisti ni nini na unataka nini, pengine hakuumbwa auelewe kwa kuwa yuko mbali mno na sanaa. Unyenyekevu huo tusiupokee wote. Mtu huyu alikuwa na sanamu na vyombo vya kale zaidi ya 2,000, vya Misri, Ugiriki na Roma, na alikwisha kuandika juu ya mchoraji Leonardo da Vinci mwaka 1910 na juu ya sanamu ya Musa ya Michelangelo mwaka 1914. Sanaa aliijua. Hii ya vijana wa Paris ndiyo iliyomkwaza, na sababu yake aliieleza wazi mwezi Desemba 1937. Breton alikuwa amemwomba achangie katika mkusanyo wa ndoto. Freud akakataa: ndoto zilizokusanywa tu, bila mawazo yanayomjia mwotaji mwenyewe anapozikumbuka, bila kujua aliziota katika hali gani, hazimwambii kitu, na haoni zinaweza kumwambia nini mtu mwingine yeyote.

Hoja hiyo si ngeni kwetu. Wengi tumeisikia hadithi inayosimuliwa juu ya Ibn Sirin, mfasiri wa ndoto wa Kiislamu wa zamani. Mtu alimjia akasema ameota anaadhini. Akamwambia utakwenda Hija. Akaja mwingine na ndoto hiyohiyo. Akamwambia utakamatwa kwa wizi. Walipomuuliza, akasema yule wa kwanza alimwona na alama za wema, akaikumbuka aya ya kuwatangazia watu Hija, wa pili hakumridhisha, akaikumbuka aya ya mtangazaji katika sura ya Yusuf aliyeuambia msafara, "Hakika nyinyi ni wezi." Ndoto moja, waotaji wawili, maana mbili. Vile vitabu vidogo vinavyouzwa kwa jina lake, nyoka ni adui, maji ni mali, vinaisahau hadithi hiyo kabisa. Kwa jambo hili Freud angekaa upande wa hadithi, si upande wa vitabu. Kwake yeye kile tunachokiona ndotoni ni ganda tu. Kiini kimefichwa, na wa kukufikisha huko ni mwotaji, kwa maneno yake mwenyewe.

Tena pana mahali Freud alipoandika jambo ambalo, ukilisoma leo, utadhani alikuwa amesimama mbele ya picha ya Dalí. Kitabu chake cha tafsiri ya ndoto kilitoka Novemba 1899, kikapigwa chapa ya mwaka 1900, nakala 600 ambazo zilichukua miaka minane kuuzwa. Humo anailinganisha ndoto na fumbo la picha, lile ambalo kila kitu kilichochorwa kinasimama badala ya neno au silabi. Tuseme, anasema, kuna nyumba yenye mashua juu ya paa, kisha herufi moja, kisha mtu anayekimbia hana kichwa. Mtu asiyejua atapinga: mashua haikai juu ya paa, na asiye na kichwa hakimbii. Lakini aliyejua kuwa ni fumbo ataweka neno mahali pa kila picha, na maneno yale yakiungana yanaweza kuwa na maana nzito. Kosa la waliomtangulia, anasema Freud, ni kulihukumu fumbo kana kwamba ni mchoro.

Basi mtu huyo awaone wachoraji wanaolichukua fumbo, wanalitundika ukutani kama mchoro, halafu wanamshukuru yeye!

Picha waliyokuja nayo siku ile inaitwa Mageuzi ya Narcissus. Dalí aliichora mwaka 1937 kwa rangi za mafuta, haifikii upana wa sentimita 80, na mmiliki wake wakati huo alikuwa Edward James. Leo iko jumba la sanaa la Tate, hukohuko London. Narcissus ni yule kijana wa visa vya Kigiriki aliyejipenda kwa kuiona sura yake majini, akanyauka pale ukingoni, na mahali pake likaota ua la nargisi. Mwaka 1914 Freud alikuwa ameandika makala nzima juu ya mapenzi ya namna hiyo, mtu kujipenda mwenyewe. Mchoraji aliingia kwenye shamba la mwenyeji wake na jembe begani.

Upande wa kushoto kijana amechutama katika maji yaliyotulia. Mwili wake una rangi ya joto, kama udongo ulioangaziwa na jua la jioni. Kichwa amekiegemeza gotini, uso hauonekani, na kivuli chake kimelala majini chini yake. Sasa hamisha macho kulia. Umbo ni lilelile, mstari kwa mstari, lakini rangi imepoa ikawa ya kijivu cha jiwe. Paliposimama goti na mkono sasa ni vidole vinavyochomoza ardhini. Kilichokuwa kichwa sasa ni yai, limeshikwa kwa ncha za vidole, limepasuka, na kwenye ufa limetoka ua la nargisi. Sisimizi wanaupanda ule mkono wa jiwe. Kando yake mbwa amekonda, anatafuna nyama. Nyuma, katikati, kuna kundi la watu uchi, na mbali zaidi sanamu peke yake juu ya sakafu ya mraba mweusi na mweupe. Ukichungulia milimani utaliona lile umbo la kuchutama kwa mara ya tatu, dogo.

Dalí alitoa pia maelekezo ya kuitazama. Mkazie macho Narcissus kwa muda, lakini kwa macho ya mtu ambaye mawazo yake yako mbali, na taratibu atatoweka. Nimelifanya zoezi hilo mara nyingi kwenye nakala iliyochapishwa vizuri. Mwanzoni unaona vitu viwili vinavyofanana. Baada ya muda kijana anakataa kurudi: unamtazama yeye lakini unaona mkono. Ukilazimisha, anarudi kidogo, kisha goti lake linakuwa kidole tena. Dalí aliiita njia yake "paranoia ya kihakiki". Kwa Kiswahili chepesi: mtu mwenye wahaka huona alama na uadui katika kila kitu, na kila anachokiona kinamthibitishia wazo lake, mchoraji akiwa mzima wa akili anaweza kulichokoza jicho lile kwa makusudi, kisha akakichora kilichoonekana kwa mkono usiotetemeka. Neno la kushika hapo ni makusudi.

Sasa tuje kwenye kitunguu. Pamoja na picha Dalí alichapisha shairi, kitabu chembamba, mwaka huohuo wa 1937. Linaanza na wavuvi wawili wa Port Lligat, kijiji cha pwani alichokuwa akiishi. Mmoja anauliza ana nini kijana yule anayejitazama kwenye kioo kutwa nzima. Mwenzake anamwambia: ana kitunguu kichwani. Dalí anaeleza kwamba kwa Kikatalani kuwa na kitunguu kichwani ndiko kile ambacho wanasaikolojia hukiita "kompleksi", wazo lililomganda mtu akilini likakataa kumtoka. Neno la Kifaransa alilolitumia lina maana ya kitunguu cha jikoni na pia tunguu la ua. Na nargisi huota kutoka kwenye tunguu. Mtu akiwa na tunguu kichwani, anasema, wakati wowote laweza kuchipua.

Rudi kwenye picha. Kichwa, yai, tunguu, ufa, ua. Dalí hakuokota vitu vya ajabu ili kutushangaza. Alichukua msemo wa mtaani akauchora kama ulivyo, neno kwa neno. Hivyo ndivyo Freud alivyosema ndoto inafanya. Hebu fikiria Mswahili ameota yuko mbele ya babu yake, na babu anakula chumvi kwa kijiko, sahani baada ya sahani, haishi. Mgeni ataandika kurasa kumi juu ya maana ya chumvi katika dini za kale. Sisi tutajua papo hapo: babu amekula chumvi nyingi, mwotaji ana hofu na umri wa mzee wake. Ndoto imeuvua msemo mafumbo yake ikaupika kuwa picha. Kadhalika ndoto hubana watu wawili ndani ya umbo moja, na huhamisha uzito wa jambo kubwa ukaangukia kwenye kitu kidogo pembeni. Ufundi huo wote umo katika picha ya Dalí, na ameutumia akiwa macho, mwezi baada ya mwezi, brashi mkononi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wasurealisti walimsoma Freud kijuujuu. Baadhi yao, ndiyo. Breton alipotaka kukusanya ndoto kama mtu anayekusanya vipepeo alistahili jibu alilolipata. Lakini Dalí katika picha hii alifanya jambo jingine. Alitoa fumbo pamoja na jawabu lake, na jawabu lilikuwa limekwisha kuchapishwa.

Na pale Elsworthy Road, tukifuata masimulizi yake mwenyewe, jawabu hilo hakulitumia. Alikuwa ameisubiri siku ile kwa miaka. Anasema alikwenda Vienna mara tatu akamkosa mzee, akajifariji kwa kuitazama picha ya mchoraji Mholanzi Vermeer iliyokuwa kwenye mkusanyo wa sanaa wa Czernin. Alipofika mbele yake, alichotaka ni kimoja: aheshimiwe kama mwanasayansi. Alikuwa na gazeti lenye makala yake kuhusu paranoia. Akalifungua, akamwomba Freud aisome walau siku moja, akasisitiza kwamba si mchezo wa kisurealisti, ni kazi ya kisayansi yenye dhamira kubwa. Freud hakuliangalia gazeti. Alimwangalia yeye. Dalí akaongeza sauti, akakionyesha kichwa cha makala kwa kidole, akazidi kubisha. Hatimaye mzee, macho bado yamemkazia mgeni, akamgeukia Zweig akasema hajapata kuona Mhispania kamili kiasi hiki, mshupavu wa ajabu.

Inanisikitisha kila nikiisoma sehemu hiyo. Mtu aliyetumia maisha yake kuwauliza watu "na hilo linakukumbusha nini?" amekaa na mchoraji, picha iko mbele yao, na mchoraji anamsomesha nadharia. Angemwambia tu: kwetu mtu wa namna hii tunasema ana kitunguu kichwani. Sentensi moja. Freud ndiye aliyeandika kitabu kizima juu ya utani na uhusiano wake na mambo yaliyofichika akilini. Utani wa maneno ulikuwa chakula chake. Angekaa wima kitini.

Na huenda mazungumzo yangefika mbali zaidi. Dalí alikuwa na kaka aliyezaliwa mwaka 1901 akafa 1903, kama miezi tisa kabla yeye hajazaliwa. Kaka huyo aliitwa Salvador. Jina lake lilipewa mtoto aliyefuata, naye akakua akijua kwamba alikuwepo mwingine kabla yake mwenye jina lake. Sisemi kwamba picha ya kijana anayeitazama sura yake majini, huku pembeni umbo lake lilelile limegeuka jiwe, "maana yake" ni ndugu yule. Kusema hivyo ni kurudia kosa la vitabu vya nyoka ni adui. Nasema hilo ndilo swali ambalo Freud angeliuliza, na wa kulijibu alikuwa amekaa mita chache kutoka kwake.

Kesho yake, tarehe 20 Julai, Freud alimwandikia Zweig barua ya shukrani. Ni barua ya mtu muungwana. Anakiri kwamba mpaka siku ile alikuwa akiwaona wasurealisti, ambao inaonekana wamemfanya yeye mtakatifu msimamizi wao, kuwa wapumbavu kabisa, au tuseme asilimia 95, kama spiriti. Kijana Mhispania, kwa macho yake ya unyofu na ya kishupavu, na kwa umahiri wake wa mkono usiopingika, amemfanya afikiri upya. Ingependeza sana, anasema, kuchunguza kwa njia ya uchambuzi wa nafsi jinsi picha kama ile ilivyopata kuchorwa. Kisha anaongeza tahadhari: mtu bado anaweza kushikilia kwamba haiwi sanaa tena pale kiasi cha mambo ya akili iliyofichika na kiasi cha yale yaliyofanyiwa kazi na akili iliyo macho vinapotoka nje ya uwiano fulani. Lakini hata hivyo, hayo ni maswali mazito ya saikolojia.

Soma vizuri alichosifu. Macho na mkono. Hakusema ameona ndoto ndani ya ile picha. Dalí mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Freud alimwambia kuwa katika picha za wakale yeye hutafuta kilichofichika, na katika picha za kisurealisti hutafuta kilicho macho. Dalí alilipokea neno hilo kama hukumu ya kifo juu ya usurealisti. Mimi nalisoma kama maelezo sahihi ya picha iliyokuwa chumbani. Kilichoifanya Mageuzi ya Narcissus isiwe takataka za usingizini ni zile saa nyingi za kuamka: mistari miwili iliyopimwa ikalingana, joto likageuzwa ubaridi, msemo ukapewa mwili.

Mahali ambapo nadhani mzee alikosea ni hapa. Alidhani picha bila maneno ya mwotaji imekufa, kama ndoto kwenye mkusanyo. Lakini picha hii inampa kazi ya mwotaji anayeitazama. Ukiikazia macho mpaka kijana akageuka mkono, mageuzi hayo hayakutokea kwenye kitambaa, yametokea kwako. Wewe ndiye uliyehama. Na kinachokujia wakati ule, ni chako: mwingine huona kaburi, mwingine yai, mwingine mkono wa mzazi. Ndoto iliyoandikwa karatasini haimfanyii hivyo asiyeiota.

Wakati Zweig na mzee wakizungumza, Dalí alichora. Kichwa cha Freud alikuwa na fikra nacho tangu zamani. Anasimulia kwamba mara moja akiwa Ufaransa, sahani ya konokono iko mezani, aliiona gazetini picha ya Freud, akapiga kelele kwamba ameigundua siri yake: fuvu la Freud ni konokono, ubongo wake umejiviringisha. Zweig aliuchukua mchoro uliofanyika siku ile, na baadaye akaandika kwamba hakuthubutu kumwonyesha Freud, kwa sababu Dalí alikuwa amekwisha kukiweka kifo ndani ya ule uso.

Freud alifariki tarehe 23 Septemba 1939, katika nyumba aliyohamia Maresfield Gardens. Ule mchoro hakuwahi kuuona.